Ofisi ya mradi inataka binti wa timu yangu asimulie kisa kisicho chake. Naombeni ushauri

Binti_Wangwani (Lamu Mashariki)

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wasio Waislamu nawasalimu pia. Nimekuwa nikisoma humu muda mrefu bila kuandika. Leo nimekwama, na naomba ushauri hasa kwa waliowahi kucheza au kufundisha kwenye hii miradi ya michezo inayoletwa vijijini.

Nina miaka 22. Natoka kijiji kimoja kisiwa cha Pate, sitakitaja, na mkisoma mtaelewa kwa nini. Nilipokuwa na miaka 17 ulikuja mradi wa mpira wa miguu kwa wasichana. Nilikuwa katika wa mwanzo kujiandikisha, na nilipomaliza kidato cha nne wakanipa mafunzo ya siku tano kule Amu, yaani mji wa Lamu, nikarudi na filimbi, koni na cheti. Tangu hapo mimi ndiye kochi. Mradi ulikuwa wa miaka mitatu. Ulipokwisha boti yao ikaacha kuja na posho yangu ikakoma, lakini wasichana hawakuacha. Wanakuja 28, mdogo ana miaka 10, mkubwa 17.

Niseme haki, mradi ulitufaa. Kabla yake hakuna msichana wa kwetu aliyegusa mpira mbele za watu. Walikaa na wazee, na imamu, na akina mama, wakaelewana tucheze na suruali ndefu na mitandio, mahali ambapo wanaume hawabarizi. Jambo hilo sisi wenyewe tusingeliweza kulianzisha.

Ila kuna mambo hawakutuuliza hata siku moja. Ratiba ilitoka ofisini: Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni. Sisi tunacheza wangwani, uwanda wa pwani unaofunikwa na maji yakijaa, nyuma ya mikoko, ndipo mahali pekee palipo tambarare. Anayejua bahari anajua kuwa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa saa kumi hiyo hiyo. Kwa hivyo kila baada ya wiki mbili uwanja ulikuwa chini ya maji. Siku hizo kwenye fomu nilitakiwa niandike mahudhurio sufuri na nichague sababu katika visanduku vitatu: ndoa, kazi za nyumbani, kukosa hamu. Kisanduku cha bahari hakikuwepo. Nilikuwa naweka alama kwenye kazi za nyumbani kwa sababu ndiyo iliyokuwa na aibu ndogo.

Baba wa msichana wetu mmoja, mvuvi, ndiye aliyenikalisha barazani kwake akanipangia kalenda kwa mwezi mwandamo. Siku za maji mafu, yasipojaa sana, tucheze jioni. Siku za bamvua tucheze Jumamosi saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanatoka, na mwalimu wa chuo cha Kurani akakubali wasichana waingie kwa kuchelewa. Baba huyo huyo alitusimamishia magoli. Nguzo zake ni boriti za nyumba ya babu yake iliyobomoka, na nyavu ni kipande cha jarife lake kuukuu. Alikifunga fundo moja moja, mimi nimekaa pembeni namtazama, akaniambia goli lisilo na nyavu mtoto hajui kama kweli amefunga.

Sasa shida yangu. Wiki iliyopita mratibu alinipigia simu. Wamepata mfadhili mpya, wanataka kuja kupiga video fupi kijijini. Wataleta mipira 20, jezi seti mbili na pampu. Wanataka msichana mmoja asimulie, na wamemchagua nahodha wetu, ana miaka 15, yuko Gredi ya 9, msemaji mzuri. Wakanitumia kwa WhatsApp maneno ya kumfundisha: kwamba baba yake alitaka kumwoza, mpira ukamwokoa, na sasa ana matumaini.

Hakuna hata neno moja la kweli hapo. Baba yake ndiye yule wa magoli.

Nilimwambia mratibu hayo hayakutokea. Akanijibu kwamba si lazima yawe yamemtokea yeye, ni kisa cha wasichana wengi wa pwani, yeye atawawakilisha tu. Nikasema nitafikiri. Mradi ulipofungwa tulibaki na mipira 12, leo inayoshika upepo ni mitatu, chumvi imekula mingine. Na mimi Januari nakwenda chuo cha ualimu. Nilitaka niwaache wasichana wakiwa na kitu mkononi. Ofisi inataka jibu Ijumaa.

Nifanyeje?

MamaBaraza (Faza)

Wa aleikum salaam mwanangu. Kabla hujatujibu sisi wala hiyo ofisi, umeshamwambia mama yake huyo mtoto? Jambo likimhusu binti wa watu huanzia kwa mamake. Nenda na mtu mzima, usiende peke yako. Chukua simu uwasomee yale maneno kama yalivyo, usiwapunguzie.

Mpiga_Chenga (Mpeketoni)

Dada, nitasema tofauti na naomba nisieleweke vibaya. Mipira 20 si kitu kidogo. Mimi nimekulia timu isiyokuwa na mpira hata mmoja, tukicheza kwa zamu na shule jirani. Ukikataa, boti itakwenda kijiji kingine, na kule watapata msichana wa kuyasema hayo hayo, na wasichana wako 28 watabaki na mipira mitatu. Wewe unaondoka Januari, wao hawaondoki.

Mwaka 2024 wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walifika Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la ngazi yoyote ile. Wale walianza na mpira mguuni kama watoto wote. Video ni ya dakika mbili, itatazamwa na watu wa mbali wasiojua Pate iko wapi. Muulize msichana mwenyewe, labda hatajali.

Kocha_wa_Marafa (Magarini)

Dadangu, pole kwa mzigo huu. Nimekaa na andiko lako tangu asubuhi kwa sababu nimejiona mle ndani.

Mimi nimepita chini ya miradi mitatu, mwanzo kama mchezaji, baadaye kama kocha. Wa kwanza ulikuwa wa ukimwi. Wa pili ulikuwa wa amani. Wa tatu ulikuwa wa kuzuia vijana wasiingie kwenye itikadi kali. Mpira ulikuwa ule ule, mwembe tuliokaa chini yake ule ule, vijana wale wale. Kilichobadilika kila mara ni ugonjwa tuliotakiwa tuwe nao. Katika ule wa tatu walikuja na karatasi ya maswali, moja likiuliza kama umewahi kufuatwa na watu wa makundi. Kijana wangu wa miaka 16, mlinda lango, akaweka kalamu chini akaniuliza, "Kocha, kwani sisi tunashukiwa?" Sikuwa na la kumjibu. Alimaliza kujaza karatasi, lakini siku ile hakucheza. Alikaa amevaa glavu zake mpaka tukafunga mazoezi.

Nakueleza haya ili ujue kwamba hayo maneno waliyokuandikia hayakutoka kwa yule mtoto wala kwa baba yake. Yaliandikwa kabla hawajakanyaga boti. Ndoa za mapema zipo, mimba za wasichana wadogo zipo, huku kwetu tunazika ndoto za watoto kila mwaka na sitaki mtu aseme tunaficha. Lakini kwa sababu zipo ndiyo maana zisitungwe. Siku msichana ambaye kweli anaozwa atakapokuja kwako analia, utataka watu waamini.

Kwa upande wa timu kuendelea bila wewe, mipira isikutie hofu kuliko watu. Nimeona timu zenye stoo iliyojaa zikafa mwezi ule kocha alipopata kazi Mombasa. Waangalie Moving the Goalposts, shirika la soka la wasichana wa Kilifi, walioanza 2001 na wapo mpaka leo. Kule wasichana wenyewe ndio marefa, ndio wanaopanga ligi, ndio wanaoshika sanduku la huduma ya kwanza. Msichana akiondoka kuna aliyekuwa pembeni yake anajua kazi. Wewe una wawili watatu wa miaka 16 na 17 hapo. Kuanzia wiki hii mmoja ashike filimbi, mwingine ashike daftari, na wewe ukae nje ya mstari unyamaze hata wakikosea. Ni vigumu kunyamaza, nakuambia mapema.

Jambo jingine. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa 1987, kilizoesha timu zake kupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa, juu ya pointi za kushinda mechi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na nyinyi mnacheza mlangoni pake. Mkianza kiligi na kijiji jirani, pointi moja iwe ya kuokota taka za plastiki zinazoletwa na maji wangwani. Wazazi wakiona hilo watakuwa upande wenu kuliko kwa hotuba yoyote.

Na ikitokea mipira inakuja, kwa yeyote atakayeileta, omba ya namba 4 kwa hao wa miaka 10 hadi 12. Ofisi huleta namba 5 kwa wote kwa sababu hununua mara moja. Mtoto mdogo akipiga namba 5 iliyolowa maji ya chumvi anaumia kifundo.

Jezi_Saba (Ganda, Malindi)

Sijawahi kuandika jambo hili popote. Naandika kwa ajili ya nahodha wako.

Nilikuwa na miaka 13. Mradi wetu ulikuwa mzuri, kocha wetu alikuwa mtu mwema, na hata mpiga picha aliyekuja alikuwa mpole, alitununulia soda wote na kutuonyesha picha kwenye kamera yake. Alinipiga nikiwa nimesimama mlangoni pa jiko la bibi yangu, nimevaa jezi namba saba, mpira kwapani. Niliipenda sana picha ile. Mama aliweka kidole gumba kwenye fomu. Hakuna aliyemsomea.

Baada ya miezi kadhaa mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi hoteli moja mjini Malindi, alikuta picha yangu imetundikwa kwenye ukumbi wa mikutano, kubwa kama mlango. Chini yake paliandikwa kwamba kabla ya mpira nilikuwa nikizurura usiku kwenye disko matanga, zile ngoma za usiku za misibani. Mimi sijawahi kukanyaga disko matanga. Mama alikuwa akitufungia mlango kwa kitasa, matanga yakiwa hata ya jirani. Mjomba alitoka kazini akaja moja kwa moja nyumbani na sinia lake la kazi bado mkononi, alivyokuwa amechanganyikiwa, akamuuliza mama mbele yetu, "Dada, watoto unawalea wewe au wanajilea?"

Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Aliikunja ile jezi akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga zake. Mpaka namaliza kidato cha nne hakuja tena kwenye mechi yangu hata moja, na alikuwa akija zote, akikaa chini ya mkorosho ule ule na kikapu chake cha mihogo. Nilicheza fainali ya kata nikafunga mabao mawili, nikageuka kutazama mkorosho kwa mazoea.

Ndugu yangu wa Mpeketoni, unasema itatazamwa na watu wa mbali. Ile yangu pia ilikuwa ya watu wa mbali. Pwani ni ndogo, na siku hizi video hurudi kwenye simu ya jirani kabla waliokuja kuipiga hawajafika kwao.

Mpira naupenda mpaka leo. Nafundisha watoto wa shule ya msingi hapa Ganda kila Jumamosi. Sijutii mpira. Najutia mkorosho.

Binti_Wangwani

Jezi Saba dadangu, nimesoma nikalia. Ahsante kwa kulitoa. MamaBaraza, nimekusikia, kesho nitakwenda na mama yangu mzazi.

Kocha, ile habari ya karatasi ya maswali imenikumbusha. Na sisi tuliulizwa kama tunajihisi "tumewezeshwa", kwa kiwango cha 1 hadi 5. Wasichana wakaniuliza maana yake nini. Nikawaambia waandike 4.

Mwanasheria_Mchanga (Mombasa)

Nasomea sheria, bado sijawa wakili, lakini haya nayajua.

Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Picha, sauti na maelezo ya mtoto ni data yake binafsi, na hairuhusiwi kuzishughulikia bila idhini ya mzazi au mlezi, tena iwe ni kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Idhini inaweza kuondolewa hata baada ya kutolewa. Kidole gumba kwenye karatasi ambayo hukusomewa si idhini, na nimeumia kusoma yaliyompata mama yake Jezi Saba. Halafu kuna Sheria ya Watoto ya 2022 inayotaka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu, na inampa mtoto haki ya faragha. Ukiona mtoto anasukumwa afanye asichokitaka, namba 116 ni ya msaada kwa watoto na haitozi pesa.

Sishauri uende kwa mratibu na vitisho vya sheria. Ila ukiyajua haya utaongea umesimama wima.

La pili. Timu yenu imesajiliwa? Kama sivyo, hata hiyo mipira itakuja kwa jina lako au la ofisi, si la wasichana. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 mnahitaji watu wasiopungua 10 na katiba yenu ndogo, mnakwenda ofisi ya maendeleo ya jamii. Wasichana wadogo hawawezi kuwa viongozi wa kikundi, wekeni akina mama na huyo baba wa magoli. Mkishasajiliwa mnaweza pia kwenda kwenye vikao vya wananchi vya bajeti ya kaunti mkataja uwanja wenu kwa jina.

Alikuwa_Ofisini (Mtwapa)

Nilifanya kazi miaka minne kwenye ofisi kama hiyo, si hiyo yenu. Naomba nimtetee kidogo mratibu wako, halafu nikwambie namna ya kumjibu.

Kila robo mwaka mfadhili huuliza: mabadiliko yako wapi? Anataka idadi na anataka kisa kimoja cha kugusa moyo, chenye picha. Mratibu ana vijiji kumi na tano, boti moja ya kukodi, na tarehe ya ripoti. Anajua kisa cha ndoa ya mapema hupita bila maswali kwa sababu kimepita mara nyingi. Mimi mwenyewe niliandika visa vya namna hiyo, nikiongeza kidogo hapa, nikipunguza pale. Nilidhani nawasaidia watoto. Nilipomsoma Jezi Saba nimejiuliza ni milango mingapi ya jiko niliyoipiga picha.

Sasa sikiliza. Wewe una kisa ambacho kwa miaka minne sikuwahi kukipata. Mvuvi anawapangia wasichana mazoezi kwa kufuata mwezi na maji, halafu anang'oa boriti za nyumba ya babu yake kuwafanyia magoli. Ningekuwa bado ofisini ningekililia kisa hicho. Usimwambie mratibu "hapana" tupu, kwa sababu hana la kupeleka juu. Mwandikie hivi:

"Tumekaa na familia. Kisa mlichotuma si cha huyu binti na hatakisimulia. Familia iko tayari kuzungumza nanyi kuhusu jinsi kijiji kilivyoiendeleza timu baada ya mradi kwisha. Masharti yetu ni matatu: msichana aseme kwa maneno yake, wazazi wake waione video kabla haijatumwa popote, na mipira ije hata kama video haitatumika."

Hilo la mwisho watalivuta. Lishikilie. Mpira ukiwa ni malipo ya maneno, msichana atajua siku zote alilipwa kwa nini.

Mpiga_Chenga

Jezi Saba, nakuomba radhi. Nilisema watu wa mbali bila kufikiria mjomba.

Lakini bado nasema watoto wanahitaji mipira na hatuwezi kuwaacha hivi hivi. Mimi nina mipira miwili ya namba 5 hapa, imetumika lakini inashika upepo. Natafuta mtu wa kuifikisha Mokowe, kutoka hapo boti mtajua wenyewe. Na kwa hiyo mitatu mliyobaki nayo, mkimaliza mazoezi ioshwe kwa maji baridi ya kisima na ikaushwe kivulini, si juani. Sindano ya pampu iloweke maji kabla ya kuingiza, ikiingia kavu hupasua kinywa cha mpira na hapo upepo hautakaa tena.

Mzee_wa_Raskazone (Tanga)

Sisi watoto wa zamani huku Tanga tulicheza chandimu mpaka giza, na mpira tuliusuka wenyewe, matambara ndani, kamba ya katani nje. Mpira wa kununua usiwe sababu ya mtoto kukaa nyumbani siku hata moja. Wafundishe kusuka, wewe kocha. Mtoto aliyesuka mpira wake haupigi ovyo baharini.

Binti_Wangwani

Ndugu zangu, narudi na habari. Nimechelewa kwa sababu mtandao wa kwetu ulikatika siku tatu.

Tulikwenda mimi na mama, baada ya magharibi. Baba alikuwa barazani anashona wavu, mkewe ametuletea kahawa. Niliyasoma yale maneno yote kama MamaBaraza alivyosema, mwanzo mpaka mwisho. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka. Baba hakuinua kichwa. Alimaliza fundo alilokuwa nalo, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza, "Hawa watu wamewahi kulala hapa kwetu hata usiku mmoja?" Nikamwambia hapana, walikuwa wakirudi na boti ya alasiri. Akasema, "Basi waje walale. Wakiamka watakuwa na la kusema." Mkewe ndiye aliyekasirika. Aliinuka akaingia ndani, tukamsikia akisogeza vyombo kwa nguvu.

Nahodha mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni muda wote. Nikamuuliza yeye anataka nini, maana kwa kweli sikuwa nimemuuliza, nilianza na nyinyi humu. Akasema atazungumza kwenye video wakitaka, ila anataka kusema mambo mawili. La kwanza, kwamba kwenye ile fomu hapakuwa na kisanduku cha bahari. Sikujua kwamba alikuwa akiniona nikijaza. La pili, kwamba mwezi wa pili mwenzao alipoteguka mguu walimbeba kwa kanga mbili mpaka zahanati kwa sababu hakuna aliyefundishwa la kufanya, na kuliko jezi angependa wafundishwe huduma ya kwanza.

Nilituma ujumbe Alhamisi usiku, karibu neno kwa neno kama Alikuwa_Ofisini alivyoandika, na hilo la huduma ya kwanza nikaliongeza. Mratibu akajibu Jumamosi. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Amesema atapeleka kwa wakubwa wake, hakuahidi kitu. Kwa hiyo mipira 20 sijui kama itakuja. Ile miwili ya Mpeketoni imefika Mokowe, kuna nahodha wa boti atatuletea bila nauli, Mungu akulipe kakangu.

Kocha wa Marafa, filimbi anayo msichana wa miaka 17 tangu wiki iliyopita. Mazoezi ya kwanza alisahau kupuliza mapumziko, wakacheza saa nzima bila kunywa maji. Nilikaa nje ya mstari nimeuma mtandio. Daftari analo mwingine, amechora safu mpya pembeni ya majina, ameandika "maji". Kwa kikundi tumepata majina 14 ya akina mama na akina baba, wiki ijayo tunakwenda kuuliza usajili.

Maji ya bamvua yanaanza kesho kutwa kwa hiyo mazoezi ni Jumamosi saa mbili asubuhi. Mzee wa Raskazone, tumesuka mpira wa matambara, wadogo wameupenda sana, lakini katani hatuna, tumetumia uzi wa nyavu, na ukigusa wangwa unanyonya maji unakuwa mzito kama jiwe. Nyinyi mlikuwa mkiuzungushia nini usinyonye?

Mzee_wa_Raskazone (Tanga)

Tyubu ya baiskeli, mwanangu. Hata ya pikipiki inafaa. Kata vipande vyembamba kama raba ya manati, zungusha ukivuta, kila kipande kikate njia ya mwenzake, mpaka tambara lisionekane. Utadunda.